Sisi Watu wa Katikati

Jumatatu, 3 Novemba. Baraka.
Wabunge wote wa chama chetu mkoani wameshuka hapa mjini Baraka kwa kikao. Jambo ni moja: waziri wa barabara aondolewe au abaki? Wakali, kundi la mbunge mwenzangu Henri, wanataka aondoke. Watiifu wanamtetea. Kura zao ni sawasawa! Nikaona mwanya. Nimeanzisha kundi la Wastani: mimi, Mama Dorothée wa Kilembwe na Mzee Kassimu mwenye maboti. Kila upande utatubembeleza, na kiti cha waziri kitaniangukia mimi. Rosette, mke wangu, aliuliza Wastani tunataka nini hasa. Maswali ya wakali hayo!

Jumanne, 4 Novemba.
Asubuhi, chai kwa Henri. Nikamwahidi kura zetu. Mchana, samaki mikeke wa kukaanga kwa Watiifu. Nikawaahidi zile zile. Siasa iko utamu! Dorothée anataka tudai barabara ya Lulimba. Anasema mama mmoja amezalia kwenye matope, juu ya pikipiki iliyokwama. Nikamjibu kwamba madai yatatupunguzia uwastani. Akafunga daftari lake, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 5 Novemba.
Balaa! Taximan aliyenipeleka kwa Henri ndiye aliyenipeleka kwa Watiifu. Soko zima linajua. Henri alipiga simu: “Honorable, we uko upande gani?” Nikasema katikati. Akakata.

Alhamisi, 6 Novemba.
Kikao. Pande zote mbili zimepatana kwa jambo moja: mimi ni muongo. Halafu Dorothée akasimama. Akasimulia habari ya yule mama, polepole. Akaomba waziri apewe mpaka Noeli kufungua barabara, akishindwa, aende. Mikono ikapanda kila upande. Mimi nikanyoosha wa kulia kuunga mkono na wa kushoto kwa tahadhari. Katibu akauliza kama najisalimisha.
Jioni Wastani tulichagua kiongozi. Dorothée, kura mbili kwa moja. Ile moja nilijipigia.

Ijumaa, 7 Novemba.
Rosette: “Baba Ketsia, enda umuombe Mama Dorothée musamaha.” Nikaenda, kichwa chini. Alinipokea vizuri, akanipa kazi: kwenda Lulimba kusimamia matengenezo. Matope yote yale! Nikasema nitafikiri.
Nimefikiri. Wastani wamekuwa wakali mno. Usiku huu nimeanzisha Wastani wa Kweli. Rais ni mimi, bila mpinzani! Nikamwomba Rosette awe makamu. Amesema yeye iko upinzani.