Mwizi wa Kinyesi cha Samaki

Jamani wana darasa, leo nimeaibika. Siyo aibu ya kujikwaa barabarani ukainuka ukajipangusa vumbi. Nimeaibika mbele ya mkwe, mbele ya mshenga wangu, na mbele ya mwanamke mwenyewe. Nawaandikia mkao huuhuu, begi liko miguuni.

Mnanijua. Tangu tumalize kidato cha nne miguu yangu haijatulia. Tabora, Mpanda, Kigoma, Kalemie, Uvira. Kila nilipofika nilianza kukumbuka nilikotoka. (Kalemie nililia kwa ajili ya Kigoma. Nilipokuwa Kigoma nilikuwa naitukana.) Bujumbura nimeingia juu ya lori la unga, nimebanana na mbuzi wa mtu, na kwenye kila kizuizi askari ananiuliza Mtanzania anafuata nini kwenye vita vya wenzake. Nilisema nafuata kazi.

Kazi niliipata Kajaga, ufukweni, kwa tajiri mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa mapambo nchi za nje. Ndiko nilikojifunza matangi ya kioo. Alipofunga biashara nikahamia Bwiza, chumba cha uani, kwa Bi Zainabu.

Bi Zainabu ni mjane. (Mmeshaanza kutabasamu. Acheni.)

Sebuleni kwake kuna tangi la samaki aliloliacha marehemu mumewe. Samaki wadogo wachache, na mimea ya majini ambayo zamani, wanasema, ilikuwa kijani hadi wageni wanashika kioo. Mimi nimeikuta imenyong'onyea. Nilipojikaza nikamweleza nia yangu, Bi Zainabu alicheka, kisha akanyoosha kidole kwenye tangi.

"We unajisifu ni fundi ya samaki. Fanya hii majani ikuwe kama wakati ya marehemu. Siku hiyo nitakusikiliza."

Nikasema hii imekwisha! Kitu rahisi!

Sebule yenyewe ni giza. Dirisha lilijazwa mifuko ya mchanga kwa sababu ya mabomu, na umeme unakuja unapojisikia. Hilo halikunitisha, maana mimea ile ni ya kivulini. Mmea wa kivulini hukua polepole na hula kidogo, lakini lazima ule. Chakula chake kikubwa ni naitrojeni, na naitrojeni kwenye tangi inatokana na kinyesi cha samaki. Samaki anakula, anakunya, kinaoza, mmea unakula. Fundi kazi yake ni kulisha samaki na kutulia.

Nikalisha. Nikatulia. Majani yakazidi kuwa manjano.

Tena yalianza yale ya chini, ya zamani. Kajaga walinifundisha maana yake: mmea umekosa naitrojeni, unawanyang'anya wazee ili ulishe watoto. Nikaongeza chakula cha samaki. Wapi! Nikaenda kununua mbolea nyeupe ya yurea, ndogo tu, imefungwa kwenye karatasi. Njiani askari akaifungua akainusa.

"Ni ya nini?"

"Mbolea, afande."

"Shamba yako iko wapi?"

"Sebuleni."

Akaniamuru nikae chini. (Nilikaa kando ya barabara mpaka mkubwa wake alipomaliza chakula cha mchana.)

Nikawa naweka chembe chache kila jioni. Majani manjano vilevile! Hapo ndipo shetani akanikalia begani. Nikajiambia, chakula kinaingia na hakifiki. Basi kuna mtu anakiondoa. Kuna mtu humu ndani hataki nioe.

Nani? Nikaanza kuwachunguza. Siyo kazi ngumu, mji mzima uko hivyo siku hizi, kila mtu anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Nyumba yetu ina watu watatu: mimi, Bi Zainabu, na Papa Mapendo, Mkongomani anayeuza vitenge, leo Uvira kesho hapa. Bi Zainabu nilimwondoa mara moja. (Mapenzi.) Akabaki Papa Mapendo. Anaamka alfajiri! Anapita sebuleni! Asubuhi moja nilikuta sakafu imelowa mbele ya tangi, na yeye anapiga mluzi. Mtu mwenye mke na watoto Uvira anapiga mluzi kwa nini?

Tatizo dogo: Papa Mapendo ndiye mshenga wangu. Sina ndugu Bujumbura, na yeye ana maneno matamu na suti. Dini yake nyingine, lakini mjomba wa Bi Zainabu alisema haidhuru, mdomo ni mdomo. Nikawaza: kumbe ndiyo maana alikubali haraka! Anataka kuniharibia akiwa ndani!

Leo ilikuwa siku ya mjomba kuja kunisikiliza. Jana jioni nikaamua kutega. Nilikuwa na chupa ya dawa ya samaki niliyotoka nayo Kajaga, ile ya bluu, inayotibu ukungu wa mapezi. Samaki haiwadhuru, lakini ikigusa ngozi ya mtu haitoki kwa sabuni. Nikaimimina kwenye tangi. Nilikusudia matone, kwa hasira nikatia kama mtu anayeunga mchuzi. Umeme haukuwepo. Chupa ikavuja, nikaifuta kwa leso yangu ya mfukoni, mikono nikaisafisha kwa mafuta ya taa, nikalala usingizi wa jaji.

Asubuhi nikachungulia tangi. Maji meupe pe! Kama hayajawahi kuona dawa!

Nikasema nimekupata, Papa Mapendo.

Mjomba akafika. Alhaji Saidi, mwenye gereji, mtu wa Bwiza tangu enzi za baba yake, kofia nyeupe, kanzu imenyooshwa. Papa Mapendo ametinga suti ya kahawia. Bi Zainabu yuko nyuma ya pazia anapakua chakula. Sebule joto, madirisha ndiyo yale. Nilikuwa nachuruzika jasho. Nikatoa leso, nikajifuta paji la uso, nikajifuta na kichwa. (Mnakumbuka nilikuwa na nywele. Zimekwisha.) Nikapangusa vizuri, mpaka kisogoni.

Papa Mapendo akaanza: "Alhaji, mi nimekuja hapa kwa ajili ya huyu ndugu yangu, mutu wa..."

Ananikodolea macho. Alhaji naye ananikodolea macho. Nikajua hiyo ni dhamiri inawasuta! Nikasimama.

"Kabla ya posa," nikasema, "kuna mwizi humu ndani."

"Mwizi ya nini?" Alhaji akauliza.

"Wa kinyesi cha samaki."

Hata mie niliisikia ilivyotoka.

"Nimemtega," nikaendelea, maana mdomo ukishashika mteremko hauna breki. "Mwizi ana bluu mwilini. Papa Mapendo, onyesha mikono!"

Papa Mapendo akaonyesha mikono. Safi. Akageuza. Safi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayempa mgonjwa habari mbaya.

"Muzee, pole. Bluu iko kwa kichwa yako."

Nikadhani ananitukana. Alhaji akaelekeza kidole kwenye kioo cha tangi. Nikainama nikajiona. Mama yangu! Paji la uso bluu, upara bluu, masikio bluu. Nimekuwa kama yai la mazingaombwe. Leso yangu ni ya rangi ya bluu iliyokoza, ndiyo maana sikuona imenywa dawa.

Alhaji alicheka akashika mbavu, kofia ikaanguka. Pazia likafunguka. Bi Zainabu ana sahani ya lengalenga (mchicha wenu huo) mkononi, na hacheki.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Maji. Kila asubuhi mbele ya sala, naitoa na kopo, natia mupya kutoka kwa bidoni ya maji ya kunywa. Maji ya mavi ya samaki, mu nyumba ya kusalia? Marehemu alinikatazaga kuigusa. We haukunikataza. Nikasema nikusaidie, majani ikuwe haraka. Leo nakuta maji imeoza mpaka imekuwa bluu, nikaitupa yote."

"Unaitupa wapi?"

Akaitazama sahani.

Jamani. Bustani yake ya lengalenga uani, majani mapana kama masikio ya ndovu! Nimekula mboga hizo tangu nifike na kuzisifia kila siku. Naitrojeni yangu yote nimeila mwenyewe kwa ugali. Na kumbe mwanamke alikuwa anakimbiza siku yetu ifike, kwa kopo, alfajiri, mimi nimelala.

"Mi nilikuwa nakusaidia," akasema polepole. "We ulikuwa unatega."

Nikamgeukia Papa Mapendo aniombee. Kwa haki yake, alijaribu. "Alhaji, ni mapendo ndiyo inamuchanganya."

Alhaji akaokota kofia, akaifuta. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Kijana, sikia. Mavi ya samaki ikipotea, unamutega mutu mwenye anakusemea. Huyu mutoto wetu Zainabu siku moja akichelewa kwa soko, utamutilia dawa gani?"

Posa ikaishia hapo, nikaenda kufunga begi.

Boti ya mizigo ya Kigoma inaondoka alasiri. Hapa sirudi. Papa Mapendo amenibebea begi mpaka kwenye hii mashine ya barua pepe, kavaa suti yake, na hajataka hata soda. Bi Zainabu nilimuaga mlangoni. Nikamwambia maji ya tangi ayaache, atoe kidogo tu mara mojamoja, majani yatarudi. Akasema, "Nimesikia." Akanipa fungu la lengalenga, limefungwa kwenye kanga kuukuu. Majani mengine yana madoa ya bluu.

Nimeanza kuikumbuka Bwiza, na bado sijaondoka.

Basi ninyi msicheke. Atakayecheka nitamjua, chupa ya dawa bado ninayo.