Karibu Mgeni, Acha Ufunguo Mapokezi

Jumatatu, 9 Juni

Mimi ni mtu wa bahati. Siandiki kwa kujisifu, naandika ili vizazi vijavyo visije vikabishana. Wenzangu wakiinama huokota sarafu, mimi nikiinama naokota mfuko mzima. Ushahidi upo sebuleni, juu ya kabati: televisheni kubwa kuliko dirisha, niliyoshinda kwenye bahati nasibu. Kwa tiketi moja! Niliingia dukani kununua kiberiti, nikatoka na sinema. Mke wangu alipoisikia habari hiyo alinitazama kitambo, akasema hongera. Mapenzi ya kweli hayana maneno mengi.

Mama mkwe yuko kwetu kwa ajili ya televisheni hiyo. Kitinda mimba wake, shemeji yangu, amekaa kituo cha televisheni mwaka mzima akibeba makaratasi ya wenzake. Sasa mtangazaji wa hali ya hewa kaugua koo, naye kapewa zamu. Moja tu! Jumamosi jioni, baada ya taarifa ya habari. Marudio hakuna.

Tatizo ni masikio ya mama. Tukipandisha sauti hadi mwisho anasema watangazaji wanasengenyana. Jirani yetu Antena (jina hilo kalipata kwa chuma alichosimika juu ya bati) akasema juu ya ua kwamba kwake hata viziwi huziba masikio, basi tumpeleke mama huko. Mama, ambaye hasikii, alisikia. Akajibu kutoka ndani: "Mwanangu nitamwona nyumbani kwa mwanangu."

Huyo mwanangu wa pili ni mimi! Nilivimba kama puto. Nikamwambia Antena kwamba Jumamosi atasikiliza televisheni yangu akiwa kitandani kwake, madirisha yamefungwa.

Jumanne, 10 Juni

Fundi simu wa pale kona kanipa siri. Kila televisheni ina menyu iliyofichwa, ya mafundi peke yao. Unabonyeza vitufe kwa mpangilio fulani na pazia linafunguka. Akanionya nisiguse nisichokijua. Nimemwambia asiwe na wasiwasi: nisichokijua mimi, nacho hakinijui.

Pazia likafunguka mara ya kwanza. Mikono yangu hii! Menyu iko kwa Kiswahili, ila Kiswahili cha kiwandani, kilichoandikwa na mtu mwenye njaa na haraka. Natafuta sauti. Nakutana na maneno haya: Hali ya hoteli, zima.

Nikasimama. Hoteli! Zulia hadi chooni, taulo nyeupe, visabuni vidogo vidogo. Mtu mwenye akili timamu anakuwaje na hoteli ndani ya nyumba, halafu anaizima?

Nikaiwasha.

Televisheni ikazimika, ikawaka yenyewe. Picha safi. Sauti kama nzi ndani ya chupa. Napandisha, inagoma. Nabonyeza menyu, rimoti haina habari na mimi. Mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia sauti inapumzika kwanza, inakusanya nguvu. Akasema vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Msiba!

Asubuhi nilikuwa bafuni nikipiga mluzi. Natoka, namkuta mama mkwe mlangoni: kavaa viatu, begi pembeni, mwavuli mkononi. Ananyoosha kiganja. Ufunguo wetu wa akiba.

"Sikutaka kuchelewa, mwanangu," akasema. "Tangazo nimeliona."

Nageuka. Televisheni aliiwasha mwenyewe, na kwenye kioo kizima, kwa herufi kubwa ambazo hazihitaji hata miwani:

KARIBU MGENI. MUDA WA KUONDOKA NI SAA NNE ASUBUHI. ACHA UFUNGUO MAPOKEZI.

Maji ya bafuni yalikuwa hayajakauka, likaja jasho. Mama akasema hana kinyongo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye siku mbili hizo kazivuka zamani. Ila hajapata kuona mkwe anayemtuma televisheni. Mke wangu akatokea jikoni na mwiko. Mwiko ule haukuwa wa kupikia.

Kichwa changu hakijawahi kuniangusha. Nikacheka, nikasema: mama, hiyo ni tamthilia! Mpya! Inaitwa Acha Ufunguo Mapokezi. Ya mapenzi. Inaanza saa nne asubuhi.

Mama akavua viatu. Alhamdulillahi, nikajisemea. Kisha akakaa kwenye kochi, akakunja mikono, akaisubiri.

Saa nne ikafika. Maneno bado yamesimama pale pale. Mama akasema inachelewa kuchanganya. Nikambembeleza aende akaote jua kidogo, nikaruka nyuma ya televisheni. Fundi simu alishaniambia kwamba huko nyuma kuna kitufe kimoja, ukikikandamiza menyu ya siri inafunguka hata rimoti ikisusa. Kweli ikafunguka! Sasa nipite wapi kurudi? Nikaona mstari mpya: Geuza kioo, hapana.

Kugeuza maana yake nini? Kubadilisha. Kitu kibaya ukikigeuza kinakuwa kizuri, hata watu hugeuka wakawa wema. Nikaweka ndiyo.

Menyu nzima ikapinduka. Maneno miguu juu, kama popo! Nikainama, nikachungulia katikati ya magoti yangu, nikatafuta neno hapana, nikalipata, nikabonyeza kwa furaha. Halikuwa hapana. Lilikuwa funga menyu moja kwa moja.

Sasa hata kitufe cha nyuma kimekufa. Tangazo la wageni limeondoka, hilo ni jema. Mtangazaji wa taarifa ya mchana ananing'inia kutoka darini.

Mama akarudi, akatazama, akauliza kama hiyo ndiyo tamthilia.

Alhamisi, 12 Juni

Fundi simu kaja. Kalala chali sakafuni ili aone picha vizuri. Kacheka hadi kapaliwa. Nikamletea maji, akayanywa, akatazama tena, akapaliwa upya. Huyu ndiye mtaalamu wetu.

Alipopata pumzi akauliza kama nilinakili namba za mwanzo za ile menyu kabla sijagusa chochote. Nikamwambia mimi naandika shajara kila siku. Kweli, lakini humu nimeandika sifa tupu, namba hamna.

Akasema dawa ni moja. Televisheni ikishaingia hali ya hoteli inatii rimoti moja tu, ile ya mapokezi, iliyobaki kule ilikotoka. Hiyo ikipatikana, ni kazi ya dakika. Akauliza: kwani hii mliitoa wapi?

Mke wangu alikuwa anapita na sinia la chai. Akasimama. Mama akageuka. Hata yule mtangazaji kichwa chini naona alinyamaza.

Bahati nasibu, nikasema.

Fundi akasema basi twende kwa hao watu wa bahati nasibu. Nikasema wamehama. Wamehamia wapi? Mbali.

"Mbali kabisa," mke wangu akasema, akaanza kumimina chai.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeaga kwamba nakwenda kuwatafuta watu wa bahati nasibu. Nikaenda mahali fulani. Mahali penyewe si lazima kupataja. Zamani palikuwa na wageni, sasa kuna mshonaji na cherehani zake. Akaniambia mwenye nyumba kasafiri, kaondoka na funguo za stoo yenye rimoti na mazagazaga yote, atarudi Jumatatu.

Jumatatu! Shemeji ni kesho.

Nimerudi nimenywea. Namkuta mama anapiga pasi nguo yake bora, kwa uangalifu, kama vile ndiye atakayeonekana. Nikameza kiburi, na kiburi changu si tonge dogo, nikamwambia mama kesho twende kwa Antena. Kwake kuna picha iliyosimama, na sauti ya kubomoa ukuta.

Mama hakuinua macho kwenye pasi.

"Mwanangu yule nilipomwona mara ya kwanza alikuja kichwa chini," akasema. "Nikampenda hivyo hivyo. Nitamwangalia hapa."

Nikatoka nje kidogo. Moshi wa jikoni kwetu huwa unaumiza macho.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka na akili mpya, inang'aa kama sufuria. Picha ikiwa kichwa chini, unapindua televisheni! Wengine wangesoma chuo kulijua hilo.

Mimi na mke wangu tukaipindua. Miguu juu, mito ya kochi huku na huku. Na hapo, chini ambako sasa ni juu, yakajitokeza maandishi ya rangi nyeupe: CHUMBA 7.

Antena naye ndipo akaingia, eti kaja kuazima nyundo. Akayasoma kwa sauti. Nikasema hiyo ni namba ya tiketi yangu ya ushindi. Akauliza tangu lini tiketi zikaitwa vyumba. Nikamwambia kama amekuja kuuliza maswali, nyundo haipo.

Tukawasha. Watu wamesimama wima, sifa kwa mwenye akili! Lakini mama akakunja uso. Akauliza mbona leo dunia nzima ni ya mashoto. Kweli: herufi zinatembea kinyumenyume, saa ya ukutani pale studio inarudi ilikotoka, na kila mtu anasalimiana kwa mkono wa kushoto. Mama akaingiwa na huzuni. Mtoto wake alimfundisha mwenyewe kutumia wa kulia, sasa leo aje aionyeshee nchi mvua kwa wa kushoto, mbele ya watu?

Taarifa ya habari imeshaanza. Nazunguka sebuleni kama kuku aliyetafuta mahali pa kutaga akakosa. Napita mlango wa chumbani, najiona kwenye kioo cha kabati la nguo, nanyoosha nywele zangu kwa mkono wa kulia, yule wa kiooni kwa wa kushoto. Nasimama hapo hapo.

Kioo kimetuharibia. Kioo kitatutengenezea!

Nikafungua bawaba, mlango wa kabati ukatoka na kioo chake. Antena, licha ya ulimi wake, ana mabega mazuri. Akashika upande wa pili bila kuombwa. Tukamgeuza mama na kiti chake, akaipa televisheni mgongo. Mbele yake Antena akausimamisha mlango wa kabati, kioo kikielekea kwa mama. Na ndani ya kioo, kila herufi ikarudi ilipostahili! Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu harusi, siku ile kiti cha bwana harusi kilipovunjika.

Ikabaki sauti ya nzi. Nikapiga magoti, nikabandika sikio kwenye televisheni, nikawa spika.

Shemeji akatokea. Gauni la njano, shingo kama ya tausi. Mkono wake wa kulia ukapanda ramani, na ulikuwa wa kulia kweli. Mama akashika pindo la nguo yake.

Anasema kesho mawingu! nikapaza. Anasema upepo wa wastani! Katikati ulimi ukamteleza, akakwama kidogo. Na mimi nikakwama, mama asijue ni nani kati yetu. Kisha akatabasamu, akaendelea. Manyunyu nyanda za juu! Mawimbi makubwa, wenye vyombo vidogo wajihadhari! Kutoka nyuma ya mlango Antena anauliza kavaa nini, kwa maana yeye peke yake haoni kitu ila mbao.

Akafika mwisho. Akaaga watazamaji. Midomo ya mama ilikuwa inatetemeka, na mimi ulimi wangu haujawahi kujua pa kusimama. Nikapaza: "Anasema, mama, shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu," mama akakiambia kioo.

Mke wangu akanitazama, tena kwa lile jicho refu. Nikamnong'oneza kwamba mimi niliyekuwa karibu nilisikia. Akaniminya sikio lile lile, ila taratibu.

Baadaye shemeji akapiga simu. Mama akamwambia salamu zimefika, hadi kwa jirani. Upande ule akaanza kuuliza salamu zipi, akajikatiza. Kisha shemeji, msichana mwepesi, akasema: ndiyo mama, niliogopa hukusikia. Wamemwongeza zamu ya wiki ijayo!

Jumatatu, 16 Juni

Rimoti ya mapokezi imepatikana. Fundi simu kaibonyeza mara chache, televisheni imesimama kwa miguu yake, wageni wamefutwa, hoteli imezimwa. Kisha akaniapisha mbele ya mke wangu: sitagusa tena menyu yoyote iliyofichwa. Nimeapa, mkono juu. Mtu mzima hujifunza.

Mama kaongeza wiki. Anasubiri zamu ya pili, na anauliza tamthilia ile inaanza lini. Jana shemeji alikuja na zawadi: kifaa cha kusikia, kinaingia sikioni kama punje ya mahindi. Mama anasema anasikia vizuri sana. Vizuri! Mtu aridhike na vizuri? Nimekichunguza leo alipolala mchana. Kwa chini kina tundu dogo, na karatasi yake inasema tundu hilo ni la fundi peke yake, asiingize kitu mtu mwingine.

Wanaficha nini humo?

Nimepata sindano kwenye kopo la mke wangu. Mama bado anakoroma. Sina wasiwasi hata chembe, mimi ni mtu wa bahati, nimeshaandika hivyo ukurasa wa kwanza.

Ambao ni uongo. Bahati nasibu haikuwapo. Televisheni niliinunua nyumba ya wageni ilipofungwa, na hata kile kiberiti sikununua.