Gundi ya Dakika Tano

Sharubati alikuwa katika duka la vifaa vya ujenzi, akijifanya anachagua kufuli, aliposikia mtu mwenye kitambi analalamika. Watu wengine wakisikia tajiri analalamika hugeuka na kwenda zao. Sharubati alisogea karibu.

"Nawalipa watu wakodolee macho gundi!" mtu yule alikuwa akimwambia mwenye duka. "Wanapaka, wanakaa. Wanapaka tena, wanakaa. Siku tatu kwa boti moja! Nahodha anataka boti sita, na mimi nina kikosi kizima cha watu waliokaa!"

Sharubati alirudisha kufuli mahali pake. Hakuwa na haja nalo tena, maana mlango ulikuwa umejifungua wenyewe.

Jina hilo alipewa na mji, kwa sababu maneno yake yalishuka kooni bila kutafunwa. Alikuwa amewahi kuwa daktari wa meno ya ng'ombe, mpimaji wa viwanja vilivyo chini ya maji, na kwa wiki moja tukufu, mjomba wa bwana harusi asiyemjua. Hakuwahi kumpiga mtu wala kuvunja dirisha. Watu walimpa mali yao kwa mikono miwili na kumsindikiza mpaka barabarani, na yeye aliwashukuru kwa adabu zote.

"Samahani, bosi wangu," alisema. "Si tabia yangu kudakia maneno ya watu. Ila nimesikia neno gundi, na gundi ndiyo maisha yangu."

Mtu yule alimtazama kuanzia viatu. Viatu vilikuwa vimeng'arishwa.

"Wewe ni nani?"

"Injinia. Naunga kwa dakika tano. Ukisema 'amina' imeshakauka."

Basi ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumatatu, saa nne asubuhi, Sharubati aliingia kwenye karakana ya Tajiri yule akiwa na kopo la bluu kwapani. Humo zilitengenezwa boti za kujaza upepo, zile ambazo abiria huzirukia chombo chao kikizama. Kitambaa kizito kilichopakwa mpira hukatwa, hukunjwa kiwe bomba nene, kisha vipande vya bomba huungwa ncha kwa ncha mpaka mduara ufunge. Mabomba mawili hulazwa moja juu ya jingine, chini hutiwa sakafu, na boti limekamilika. Ndani hamna msumari wala ubao. Kinachotenganisha watu ishirini na kilindi cha ziwa ni pumzi na gundi.

Msimamizi wa karakana alikuwa shangazi yake Tajiri, dada wa marehemu baba yake aliyeianzisha kazi ile. Wafanyakazi wote walimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Tajiri angependa sana kumstaafisha, lakini mtu hamfukuzi shangazi yake kazi kisha akategemea kuhudhuria mazishi ya ukoo kwa amani.

"Shikamoo, shangazi," Sharubati alisema, akainama kidogo.

"Marahaba, mwanangu." Shangazi alimshika mkono wala hakuuachia upesi. Aliugeuza, akatazama kucha, akapapasa kiganja. Mikono yake yeye ilikuwa na sugu, na gundi ya miaka thelathini ilikuwa imetulia kwenye mistari ya vidole. "Mikono mizuri hii. Utadhani mtoto wa juzi."

"Ni gundi yangu, shangazi. Haichafui."

"Ahaa," alisema Shangazi, akaenda kusimama ukutani.

Maonyesho yalikuwa mafupi. Sharubati alipaka vipande viwili vya kitambaa, akavigandamiza, akahesabu dakika tano kwa saa ya mkononi huku midomo ikicheza kama anayeswali. Tajiri alivuta. Akavuta tena mpaka shingo ikatoa mishipa. Havikuachana. Gundi ya viatu iliyotiwa rangi ya nguo huweza kabisa kushika kwa muda wa mazungumzo.

"Taja bei yako!" Tajiri alisema.

Sharubati alionekana kuumizwa na neno hilo. "Bosi, mimi ni mtu wa utafiti. Pesa zinanichanganya akili. Ninachohitaji ni kitu kinachotetemeka, niipime gundi yangu kwa mtetemo. Siku mbili tu, kisha nakirudisha." Macho yake yalizunguka chumba, yakatua pale yalipokuwa yametua tangu alipoingia. "Kwa mfano, ile injini."

Injini ya boti ilikuwa mpya, imesimama kwenye kona ya ofisi, nyuma ya kioo kikubwa kilichotazama karakana, imefunikwa blanketi kama mgonjwa wa heshima. Sharubati alikuwa na mnunuzi wake tayari, ng'ambo ya mji.

"Unga boti moja tu hapa," Tajiri alisema, "uondoke nayo leo leo."

"Vizuri," Shangazi alidakia kutoka ukutani. "Na atakaa ndani siku gani?"

"Nani akae ndani ya nini?" Sharubati aliuliza.

"Aliyeunga. Ni desturi ya marehemu kaka yangu. Boti halitoki, na fundi halipwi, mpaka mkono uliounga ukae ndani yake, juu ya maji, saa nzima. Bila jaketi la kuelea."

Tajiri alikunja uso. Utoto wake wote alikuwa shule ya bweni, na likizo alikuwa akijificha asipewe msasa, kwa hiyo desturi za karakana hakuwa na la kusema juu yake. Aliuliza kitu kimoja tu. "Ni bure?"

"Bure kabisa."

"Basi desturi ni desturi. Jumamosi nahodha anakuja kukagua. Injinia atakaa siku hiyo."

"Kuogelea unajua, mwanangu?" Shangazi aliuliza.

"Kama samaki," alisema Sharubati. Na hakudanganya sana, maana samaki wako wa aina nyingi, na yeye alikuwa yule wa kwenye kopo.

Mchana ule aliunga boti zima. Walipolijaza upepo lilisimama nene na la kupendeza, Tajiri akalipiga makofi tumboni. Jumanne asubuhi Sharubati aliwahi kazini kabla ya wengine, akalikuta limelala sakafuni kama suruali iliyovuliwa. Ungio kubwa la upande lilikuwa limeachama. Aliingiza mkono, ukapita. Aliingiza mpaka kiwiko, akaona vidole vyake vikimpungia kutoka upande wa pili.

Alikaa chini. Hapo ndipo mtu mwenye busara angechukua kopo lake na kutoweka. Lakini injini ilikuwa pale pale, na blanketi lilikuwa limeteleza kidogo, na chuma kiling'aa. Tamaa haikuumbwa kwa ajili ya wateja wa Sharubati peke yao. Aliitaka ile injini, na hakutaka kufa, na mambo hayo mawili yalikuwa na njia moja tu ya kukutana.

"Shangazi," alisema alipomwona anavaa aproni, "katika utafiti kuna jambo linaitwa kulinganisha. Naomba unionyeshe ile njia yenu ya zamani. Kwa ajili ya kulinganisha tu."

"Ya zamani kweli?"

"Ya zamani kabisa. Usiache hata hatua moja, tafadhali."

Shangazi alimtupia msasa.

Sharubati alibandua gundi yake yote, akasugua kitambaa mpaka mng'ao ukaisha, kwa sababu gundi haishiki mahali panapong'aa. Akafuta vumbi kwa spiriti, mara mbili, kwa kitambaa kipya kila mara. Akapaka gundi ya kweli pande zote mbili, nyembamba, akasubiri. Akapaka ya pili. Akasubiri.

"Nitajuaje kama imefika?"

"Gusa kwa mgongo wa kidole. Ikikung'ang'ania, bado. Ikikubusu na kukuachia, tayari."

Ilipombusu na kumwachia, alilaza ncha moja juu ya nyingine kwa pumzi iliyozuiwa, maana ikishagusana haikuruhusu ujirekebishe. Akapitisha kigurudumu cha chuma kutoka katikati kwenda pembeni, kufukuza hewa, mpaka mabega yakaomba talaka. Kisha utepe wa kitambaa kile kile, ndani na nje ya ungio, kwa taratibu ile ile ya kupaka na kusubiri.

Tajiri alipita akamkuta amejikunyata mbele ya ungio. "Injinia! Mbona na wewe unasubiri?"

"Sisubiri, bosi. Naisikiliza."

Tajiri aliondoka kwa kunyata, asiisumbue.

Jumatano mvua ikanyesha. Shangazi alifunika makopo yote, akasema leo hakuna kupaka, unyevu ukiingia kwenye gundi umeunga kwa maji. Tajiri alitoka ofisini akifoka kwamba anafilisiwa na mawingu. Na ni nani aliyemjibu? Sharubati, muuzaji wa dakika tano.

"Bosi, kuna watu watapanda kitu hiki!" alifoka na yeye, brashi mkononi. "Watu wazima, wana familia zao! Unataka wazame kwa sababu wewe una haraka?"

Karakana nzima iligeuka kumtazama. Sharubati mwenyewe alishtuka kusikia maneno yale yakitoka mdomoni mwake. Kwa kweli aliyekuwa akimwona anazama alikuwa mtu mmoja tu, tena amevaa viatu vyake vya kung'aa, lakini hoja ilisimama.

Ijumaa walilijaza upepo na kupaka maji ya sabuni kila ungio. Sharubati alilizunguka kwa magoti, uso karibu na mpira, akitafuta povu. Hakuliona hata moja. Kucha zilikuwa nyeusi, ngozi ya vidole ilibanduka, na kifuani kulikuwa na kitu cha joto alichokidhania kiungulia. Kilikuwa ni fahari. Ilikuwa mara yake ya kwanza, tusimcheke.

Jumamosi Shangazi alichagua saa sita mchana juani, akisema hapo ndipo nahodha ana nafasi. Nahodha wa kivuko, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo, alisimama gatini akiwa amefumbata mikono. Boti liliteremshwa ziwani. Sharubati alipanda kama anayepanda kitanda cha upasuaji.

"Na mwenye mali?" nahodha aliuliza. "Panda, bosi, nikupige picha. Mtu asiyepanda chombo chake mimi simnunulii kitu."

Tajiri, aliyeamini dakika tano kwa moyo wake wote, alipanda huku anatabasamu. Wakasukumwa kwa mti mrefu, kamba ikaachiwa mita hamsini.

Robo saa ikapita. Nusu saa. Jua lilipiga mpira, mpira ukachemka. Sharubati alianza kuona injini, mnunuzi, barabara. Alikuwa ameshinda.

Ndipo chini ya kwapa lake kitu kikasema: *ssssssss*.

Sharubati alimrukia Tajiri shingoni.

"Linaachia! Tunakufa! Nisamehe, bosi, nisamehe! Mimi si injinia! Gundi ile ni ya viatu, nimetia rangi ya nguo!"

"Unasemaje?" Tajiri alipiga ukelele.

"Injini nilitaka kuiuza! Mnunuzi yuko tayari! Lakini hapa gundi ile haimo, nakuapia, hapa nimeunga kwa njia ya shangazi, siku tatu, sijui kwa nini linavuja, nilisugua mimi mwenyewe!"

Walikumbatiana, mwizi na mwibiwa, wakiita mama zao kwa zamu. Gatini nahodha alikuwa ameishusha simu yake na kumtazama Shangazi.

"Ni vali," Shangazi alisema, kisha akapaza sauti. "Ni vali, nyie! Jua likipasha upepo, unavimba, vali inaupunguza kidogo ili boti lisipasuke. Limetengenezwa lifanye hivyo. Kaeni, bado nusu saa!"

Mlio ukakoma wenyewe. Boti lilikuwa nene vile vile. Watu wawili ndani yake walikaa nusu saa iliyobaki bila kutazamana, na nusu saa ya namna hiyo ni ndefu.

Waliporudi gatini nahodha alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye kila ungio, pole pole. "Sijaona mkono safi kama huu," alisema. "Nachukua zote sita. Na desturi yenu hii nimeipenda. Kila boti, aliyeunga akae ndani, na mwenye mali kando yake. Bila hivyo sipokei."

Tajiri alikuwa amefungua kinywa amwite polisi. Alikifunga. Akamvuta shangazi yake pembeni.

"Shangazi, ile gundi ya kwenu. Siku tatu zinatosha kweli?"

"Zinatosha."

"Tuweke nne," alisema Tajiri.

Hakuna aliyemkumbuka Sharubati mpaka alipofika langoni, mikono mifukoni, viatu vimepoteza mng'ao. Shangazi alikuwa amemfuata.

"Naomba kuuliza," Sharubati alisema. "Hii desturi ya marehemu ilianza lini hasa?"

"Jumatatu," alijibu Shangazi. "Uliponipa mkono."

Sharubati alizitazama kucha zake nyeusi. Maisha yake yote aliuza vitu visivyokuwepo. Sasa alikuwa amenunua kimoja, amekilipia kwa siku tano za jasho, na kila jioni alisema asante. Alicheka mpaka akashika nguzo ya lango asianguke. Kisha aliuliza, kwa sauti isiyo na sukari hata chembe, kama Jumatatu kuna boti jingine la kuunga.

"Zipo tano," Shangazi alisema. "Saa moja kamili asubuhi. Na usijisumbue kupitia ofisini, injini tumeshaihamisha."