Marehemu Basili wa Masakta

Modest alikuwa amemaliza sahani ya makande kwenye mgahawa wa Safina, pale Katesh, na alikuwa akitafuta namna ya kuondoka bila kumsumbua mtu na habari za malipo, aliposikia mteja wa meza ya nyuma akitangaza kifo chake mwenyewe.

"Mimi nimekufa," alisema yule mteja huku akivunja paja la kuku. "Mwaka jana. Malaria."

Modest akageuka taratibu. Marehemu alikuwa mzee mnene mwenye koti la sufu na mashavu yanayong'aa. Alikuwa anamweleza rafiki yake kwamba binti yake, Brightness, amepata nafasi chuoni. Kwa kuwa yatima wanafikiriwa mapema kwenye mikopo, yeye mwenyewe amejaza kwenye fomu ya binti kwamba baba wa mtoto hayupo tena duniani.

"Na zile ng'ombe zako zote, Basili? Masakta nzima inazijua."

"Marehemu hana ng'ombe!" Mzee akacheka mpaka akapaliwa.

Modest hakuhitaji kusikia zaidi. Tuseme wazi kwamba Modest hakuwa mwizi. Jambo hilo alilisisitiza kila alipokamatwa. Yeye alipokea tu vitu ambavyo wenyewe walimkabidhi kwa mikono miwili.

Kesho yake alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya Basili, huko Masakta, akiwa na suti ya kuazima, faili lililojaa magazeti ya zamani, na miwani ambayo vioo vyake vilishaanguka zamani. Nyumba ilikuwa na bati jipya. Trekta lilikuwa uani, maksai wanene walikuwa zizini, na katikati ya uwanja marehemu alikuwa amekaa kwenye kigoda anakata kucha.

"Hodi! Mimi ni mhakiki wa fomu za mikopo ya vyuo. Nimekuja kuhakiki kifo cha Basili."

Kucha iliyobaki haikukatwa. Mzee alimtazama mkewe, Rogathe, aliyekuwa anapepeta maharage mlangoni. Rogathe aliendelea kupepeta.

"Pole sana kwa msiba, mama," alisema Modest. "Shikamoo, mzee. Na wewe ni nani wa marehemu?"

"Marahaba. Mimi ni... Gervasi. Mdogo wake."

"Mmefanana sana."

"Watu wote walikuwa wanasema hivyo."

Modest akaomba kuonyeshwa kaburi. Basili alifikiri kidogo, kisha akampeleka nyuma ya nyumba kwenye tuta la viazi vitamu, Rogathe akiwafuata na ungo wake. Wakavua kofia. Viazi vile vikapewa heshima zote za mwisho.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" aliuliza Modest kwa sauti ya chini.

"Mkarimu," alisema Basili, akianza kuguswa na maneno yake mwenyewe. "Mchapakazi. Halafu alikuwa na sura nzuri."

"Alikuwa bahili," alisema Rogathe. "Hata chumvi alikuwa anaificha chumbani."

"Mama Brightness! Unamsema marehemu!"

"Kwani nimesema yuko hai?"

Modest alifuta chozi, kisha akamvuta mzee pembeni. Shida, alimnong'oneza, ni kwamba kaburi limeota majani ya viazi, na wakubwa wataliuliza. Kudanganya kwenye fomu ni kesi. Lakini watu wazima wanaelewana. Maksai mmoja tu, yule mweusi, angetosha kulifunga faili milele.

Basili alilia machozi ya kweli, ya kwanza tangu afe, akafungua kamba. "Brightness! Msindikize afisa mpaka barabarani."

Brightness, aliyekuwa akiwatazama kutoka mlangoni mwa jiko muda wote, aliishika kamba. Walipopita uzio akasimama.

"Kaka, hiyo fomu unayoihakiki umeiona wapi?"

"Ofisini. Imepokelewa vizuri kabisa."

"Iko chini ya godoro langu. Sijaituma. Nilishindwa kutia sahihi kwamba baba amekufa wakati namsikia anakoroma."

Modest alimtazama maksai kana kwamba angepata ushauri hapo.

"Halafu," aliongeza Brightness, "umefuta chozi kwa kupitisha kidole katikati ya kioo cha miwani."

"Dada yangu, tunaweza kuongea."

"Ndiyo tunaongea. Nikipiga yowe, vijana wa hapa watakuja na fimbo. Sasa sikiliza. Baba ana uwezo wa kunisomesha na bado anakula kuku Katesh. Nisipokwenda chuo ataniozesha kwa yule mwenye mashine ya kusaga, mzee mwenzake. Kwa hiyo utarudi pale, na safari hii utahakiki vizuri."

Akamweleza la kufanya. Modest, ambaye alijiona bingwa wa kazi yake kuanzia Hanang mpaka Mbulu, alisikiliza na kuona wivu.

Walirudi, kamba ya maksai sasa ikiwa mkononi mwa Modest, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Nikolausi, na majirani waliofuata suti.

"Nimesahau jambo moja," Modest alitangaza. "Mali ya marehemu ni ya mjane na mtoto. Shamba, trekta, ng'ombe, nyumba. Bwana Gervasi, kusanya nguo zako utoke leo hii."

"Nitoke niende wapi? Hapa ni kwangu!"

"Ni kwa marehemu."

"Marehemu ni mimi!"

Mwenyekiti alikuna kichwa. "Basili, umekufa lini na mimi sina taarifa?"

"Mwenye uamuzi ni mjane," alisema Modest. "Mama, huyu ni mume wako?"

Rogathe aliweka ungo chini, akamwangalia mzee kuanzia kofia mpaka viatu.

"Mume wangu alikuwa na mtoto aliyefaulu," alisema. "Angekuwa hai, angemlipia ada. Huyu simfahamu."

"Rogathe!"

"Sauti kweli zinafanana."

"Nitalipa! Nitauza maksai mnadani, nitalipa mwaka mzima!"

"Miaka yote," alisema Brightness.

"Miaka yote! Mwenyekiti ni shahidi!"

Rogathe akapiga vigelegele. "Jamani, mume wangu amefufuka!"

Brightness akaitoa fomu chini ya godoro, akaitia kwenye moto wa jikoni ikaungua. Kisha akamkazia macho Modest, ambaye bado alikuwa ameshika kamba. Modest alimnyooshea mzee ile kamba. "Mhakiki hali rushwa," alisema kwa uchungu mkubwa. "Mzee, pokea maksai wako." Majirani wakampigia makofi. Bodaboda ilishaondoka, akarudi Katesh kwa miguu.

Chuo kilipofunguliwa, Basili mwenyewe alimbebea binti yake sanduku mpaka kwenye basi, akimweleza kila abiria kwamba ada analipa yeye, na kwamba wazo lilikuwa lake.

Modest alisubiri mambo yapoe, akahamia Nambis, upande wa Mbulu, kwa tajiri mmoja anayeitwa Patriki. Huyu naye alikuwa amejiandika fukara kwenye fomu ya mkopo. Kabla Modest hajamaliza kubisha hodi, Patriki alitoka mbio akamshika mkono.

"Ni wewe uliyekataa maksai Masakta! Shangazi yangu ameolewa kule, ametusimulia. Fomu yetu tumeshairekebisha, sasa ni ukweli mtupu!"

Kutoka jikoni ilikuja harufu ya mchuzi wa mbuzi. Tangu asubuhi Modest alikuwa hajatia kitu tumboni.

"Vizuri sana," alisema. "Basi ngoja nikae kidogo, tuzungumze..."

"Hapana, afisa!" Patriki alimzuia kwa heshima kubwa. "Mtu msafi kama wewe siwezi kukuharibia jina kwa sahani ya nyama."

Akamsindikiza mwenyewe mpaka barabarani, huku akipiga simu nyumba zote za mbele kuwaonya kwamba anakuja afisa mwaminifu, na mtu yeyote asithubutu kumpa hata maji.