Samaki wa Kumwonyesha Mkwe

Jumatatu, 7 Julai 2025

Baridi ya Tunduma leo haina adabu. Wateja watatu tu saluni, na mmoja ni Mzambia aliyetaka kuchaji simu. Hata hivyo nina furaha. Baba yake Gloria, Mzee Mbonile, mkulima wa kahawa kule Isansa, anakuja Jumamosi kunitazama. Akiridhika, posa inapokelewa. Asiporidhika, Gloria ataolewa na mwalimu Raphaeli, mwenye pikipiki na sauti ya kwaya.

Tatizo ni dogo. Mwezi uliopita nilimtumia mzee salamu kwamba mimi, mbali na kunyoa, nafuga samaki. Kwa nini nilisema samaki, sijui. Ulimi hauna mfupa.

Jumatano, 9 Julai

Nimeokoka! Rafiki yangu Hamis, dereva wa lori, amerudi kutoka Dar na samaki wa baharini ndani ya ndoo, pamoja na madumu manne ya maji ya chumvi. Ila samaki ni mmoja. Nilimwagiza kumi. Akasema wengine walifika Mikumi wakakata tamaa.

Huyu aliyebaki ni mwembamba, wa kahawia, mapezi marefu juu na chini. Analala ubavu, anaelea kama jani kavu. Nikajua anakata roho. Hamis akacheka, akasema ndivyo walivyo wakiwa wadogo, wanajifanya majani ili wasiliwe. Akikua atakuwa mpana kama sinia. Jina lake la pwani Hamis amelisahau njiani. Nimemwita Mradi.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeazima kabati la kioo la maandazi kwa Mwasiti, jirani. Nimeziba nyufa, nikamimina maji, nikalifunika blanketi langu. Mradi alale vizuri, mimi nitatetemeka.

Gloria alipita. Akachungulia kabatini muda mrefu, akauliza samaki yuko wapi. Nikamwonyesha. Akanishauri nimwambie baba yake ukweli. Nikamjibu ukweli una siku yake, na Jumamosi si siku yake.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika upesi kabla sijasahau hata neno.

Mzee Mbonile alifika saa nne na koti lake la kanisani. Mshenga wangu, Edson, akampokea. Nilikuwa nimeonywa: mbele ya mkwe, mshenga ndiye anayesema. Mimi kazi yangu ni kuinama.

Mzee akasogelea kabati. Akakunja uso. Miaka arobaini kwenye kahawa, hawezi kuona jani bovu akaliacha. Akazamisha mkono, akamtoa Mradi, akamweka dirishani, akafuta vidole kwenye koti. Kisha akauliza samaki wako wapi.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini kumsahihisha mkwe ambaye hata hajanikubali? Nikamnong'oneza Edson. Edson, mtu wa utaratibu, akavua kofia, akaanza na shikamoo, akaulizia shamba, akaulizia mvua, akamshukuru Mungu kwa safari njema. Mradi anatapatapa dirishani, Edson yuko kwenye mvua!

Gloria ndiye aliyemnyakua na kumrudisha majini. Mradi akazunguka mara mbili, akasimama wima, akatutazama.

Mzee naye akamtazama. Halafu akacheka mpaka akakalia kiti cha kunyolea.

Akamwambia Edson aniambie, nami nimesimama hapohapo, kwamba Gloria alimweleza zamani kuwa sina bwawa. Alikuja kuona mwongo anavyokaa mbele ya wakubwa. Na kijana aliye tayari kupoteza samaki wake pekee kuliko kumvunjia mzee heshima, huyo analeleka. Posa imepokelewa. Kisha akaomba nimnyoe ndevu.

Gloria! Nimempata Gloria! Nilimnyoa baba yake huku machozi yananitoka, nikasingizia spiriti.

Jumapili, 13 Julai

Ibada nzuri. Mradi amekula. Mwasiti anadai kabati lake, nimemwomba wiki moja.

Baada ya ibada tulimsindikiza mzee stendi. Furaha ilinizidi. Nikamwomba Edson amfikishie habari kwamba kule Mbangala nina mizinga ishirini ya nyuki.

Mzee akasimama. Kumbe anapenda sana asali. Atakuja kuiona baada ya wiki mbili.

Gloria hajanisemesha tangu stendi, nadhani ni uchovu wa jua. Jioni nilimfuata Hamis, nikamuuliza kama nyuki wanaweza kupanda lori. Akauliza wangapi. Nikasema tuanze na wachache, kama elfu kumi.