Mbuzi Arobaini na Watatu Waliokataliwa Mukuyuni

Musyimi Mwangangi,
Mfanyabiashara wa Mifugo ya Gemu,
Soko la Zombe.
4 Desemba 2025

Kwa Chifu Kiema,
Ofisini kwako, mlango wa bluu.

Mzee wangu Chifu,

KUH: MZEE NDETI KUKATAA MBUZI WANGU WA NTHEO BILA SABABU YA MAANA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na pikipiki ya ofisi ikiwa na mafuta. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mimi, ambaye nimedhulumiwa.

Najua una kazi nyingi, mara kesi ya mpaka, mara watu wa pombe haramu, kwa hivyo nitasema moja kwa moja. Mimi ni Musyimi, mtoto wa Wayua anayeuza ndengu karibu na kinu cha posho, yule uliyemfukuza barazani mwaka jana kwa kushika simu. Nataka kumuoa Nzilani, binti ya Mzee Ndeti wa Mukuyuni. Jumamosi iliyopita tulipeleka ntheo. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kwetu Wakamba, bila wale mbuzi watatu wa ntheo hakuna ndoa, hata mtu akileta ng'ombe mia baadaye. Watu hupeleka watatu. Mimi nilipeleka arobaini na watatu. Mzee Ndeti amewakataa wote, na sababu yake ni moja tu, eti mbuzi wako ndani ya simu.

Kabla ya malalamiko, wacha nieleze biashara yangu, maana nasikia kuna watu wanasema sina kazi.

Kuna gemu ambayo watu wa dunia nzima huingia kwa simu, kila mtu na shamba lake na jeshi lake. Wengi hupenda vita. Mimi sijawahi kupigana hata siku moja. Katikati ya ufalme huo kuna soko, na mimi nimelelewa katika soko la Zombe. Nilipoona wageni wakipita langoni na mifugo yao bila kuuliza bei, mwili ulinisisimka. Unajua vile madalali wetu husimama barabarani asubuhi na mapema, wamkamate mwenye mbuzi kabla hajafika sokoni akajua bei ya leo. Basi nilienda nikasimama langoni. Wiki ya kwanza Mbrazili mmoja aliniuzia mbuzi wanane kwa bei ya upanga wenye kutu, na akaniandikia asante.

Tangu siku hiyo sijarudi nyuma. Hununua sufu Jumatatu, watu wakiwa wamechoka na vita vya wikendi na wanatafuta dhahabu ya kujenga kuta zao upya. Huiuza Ijumaa, majeshi yakitaka mablanketi. Leo nina dhahabu laki mbili na elfu kumi na mbili, ghala tatu, na cheo cha Tajiri Mkuu Daraja la Tano, ambacho katika Kaunti nzima ya Kitui sijasikia mwingine akiwa nacho. Abdisamad wa duka la kuchaji simu pia hucheza, na amekwama Daraja la Pili. Kila nikienda kwake kununua bando huniomba mbuzi. Na usiseme ni pesa za hewa, Chifu. Mwezi wa nane kijana mmoja wa Machakos alinunua dhahabu yangu kwa shilingi mia nane taslimu, nami nikanunua bando za kuendelea na biashara.

Sasa malalamiko.

1. Mzee Ndeti alikataa hata kuhesabu. Tulifika Mukuyuni saa nne, mimi, mama, na mjomba Mwau ambaye ndiye msemaji wetu. Simu ilikuwa na chaji asilimia mia na nilikuwa nimebeba pawa benki. Mjomba alisimama akasema maneno yote ya heshima, vizuri kabisa, mpaka akafika pale pa kusema kwamba mbuzi wako nje. Watu wakatoka nje. Ikabidi niwaombe warudi ndani, kwa sababu juani skrini haionekani. Mzee alivaa miwani, akaishika simu kwa vidole viwili, akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza mbona hawana harufu. Chifu, hiyo ni kasoro au ni sifa? Mjomba, ambaye nilikuwa nimemwambia tu kwamba mbuzi wako tayari, alitazama viatu vyake mpaka tulipoondoka.

2. Shangazi yake Nzilani, anaitwa Kaveke, aliuliza ni mbuzi yupi wa kuchinjwa, maana sufuria ilikuwa mekoni tangu asubuhi na wazee walikuwa wamekataa hata chai ili wabakishe nafasi. Nilimchinja mmoja hapo hapo mbele yao. Zilitoka nyama nne, ngozi moja na pembe mbili. Nilizunguka nikimwonyesha kila mtu, nikianza na wakubwa kama inavyotakiwa. Mwishowe wazee walikula mahindi ya muthokoi yasiyo na kitu, na sasa inasemwa kote Mukuyuni kwamba nimewashindisha wazee wa watu njaa. Nyama nne ziko ghalani mpaka leo na haziozi. Nani mwingine amewahi kupeleka nyama ya namna hiyo?

3. Hili linahusu ofisi yako na naliandika kwa heshima. Nilidhani labda shida ni karatasi, kwa kuwa mbuzi wanavuka kutoka Kitui kuingia Makueni. Jumatatu nikaja kuchukua kibali cha kuhamisha mifugo. Nilijaza kila mahali. Idadi: arobaini na wawili. Rangi: weupe thelathini, wenye madoa kumi na wawili. Kutoka: seva ya Ulaya. Kwenda: Mukuyuni. Njia ya usafiri: mfukoni. Karani wako alisoma, akavua miwani, akacheka mpaka akawaita wamama wa ofisi ya pili waje wasome pia. Nimeikagua fomu hiyo mbele na nyuma. Hakuna mahali imeandikwa kwamba mbuzi lazima awe na damu.

4. Nilipotoka kwako nilienda langoni pa soko la Zombe nikaomba kulipa ushuru wa mifugo kwa dhahabu, kama raia mwema. Nilifukuzwa. Chifu, kwa miaka yote uliyokaa kwenye kiti hicho, umewahi kuona mtu akibembeleza alipe ushuru na kufukuzwa kwa rungu?

5. Kanisani nilitoa fungu la kumi, dhahabu elfu ishirini na moja na mia mbili, nikaandika kwenye bahasha kwa mwandiko mzuri. Mhubiri wetu alishukuru mbele ya washirika wote, kisha baada ya ibada akanivuta kando akauliza kama huko kwenye gemu mabati huuzwa. Huuzwa. Ila hayatoki. Hapo ndipo watu hupenda kunikamata, wakisema kumbe basi mbuzi wa gemu na mbuzi wa boma ni tofauti. Hawana tofauti hata kidogo, na ushahidi, ambao hakuna wakili atakayeupinga, nimeuweka wote katika namba sita.

7. Kwa kuwa jambo hilo sasa limethibitishwa, narudi kwa Nzilani, ambaye ndiye aliyeniumiza zaidi. Nilitegemea atanitetea. Yeye ni fundi cherehani pale sokoni Mukuyuni, ana simu kubwa, anajua mambo. Alitufuata mpaka barabarani, akasubiri mama na mjomba watangulie, kisha akaniambia kwamba ananipenda, lakini hawezi kuwa mke ambaye ntheo yake inategemea chaji. Akauliza simu ikitumbukia chooni yeye atakuwa ameachika ama atakuwa mjane. Nilifikiria jibu mpaka tukafika Zombe, na bado nafikiria. Nampenda msichana huyu, Chifu. Naandika hivyo katika barua rasmi na sioni haya. Baba yake amesema tukirudi tarehe kumi na tatu, Jumamosi inayofuata Jamhuri, na mbuzi watatu, tutapokelewa. Siku hiyo ikipita, nisikanyage tena pale kwake. Hajasema mbuzi wa aina gani, lakini macho yake yalisema.

8. La mwisho si lalamiko juu ya mtu. Mwaka ule wa ukame mkubwa tulikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Unakumbuka, ulipita nyumbani ukihesabu mizoga. Wa mwisho alikuwa mwekundu, tukimwita Katune, na alifia mikononi mwa mama akimnywesha maji ya kuoshea mahindi kwa kijiko. Tangu siku hiyo mama alisema hakuna mbuzi atakayelala tena katika boma lake, na kamba zote akazichoma. Mwaka huu nilikaa siku kumi na moja bila bando. Niliporudi kwenye gemu niliwakuta mbuzi wangu pale pale nilipowaacha, wamenona, wananitazama. Nilitoka machozi dukani kwa Abdisamad, mbele ya wateja. Kwa hivyo watu wakisema mimi ni mjinga, sawa, lakini waseme polepole.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako imwandikie Mzee Ndeti awapokee mbuzi arobaini na wawili waliobaki na akiri kuwa yule wa arobaini na watatu alichinjwa kihalali. Kwa kuwa yeye ana kabambe ya vitufe tu, na mbuzi hawawezi kulala kwenye kabambe, serikali impe simu kubwa, na simu hiyo ihesabiwe kuwa zizi. Daktari wa mifugo aje awachanje. Mbuzi hawa huzaana kila siku sita, kwa hivyo ifikapo mwaka ujao Mukuyuni itakuwa na mbuzi wengi kuliko kaskazini yote, na hapo nitaomba soko la Zombe lihamishiwe kwenye simu, lote, na wauzaji wake na lango lake, ili ukame ukirudi usipate cha kuua. Ikiwezekana, Chifu, na wewe uhamie huko na ofisi yako. Nina kiwanja kizuri karibu na soko. Nitakuuzia kwa bei ya jirani.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, na askari wote wa ofisi. Karani pia msalimie, umwambie sina kinyongo lakini nakala ya fomu ninayo. Mama Wayua anakusalimu na anasema ndengu za mbegu zimefika. Mjomba Mwau kwa sasa hasalimii mtu.

Ni mimi raia wako mtiifu, mwenye mifugo na asiye na mkwe,

Musyimi Mwangangi
Tajiri Mkuu, Daraja la Tano

Nakala: Mzee Ndeti, Mukuyuni (nitamsomea mwenyewe akikubali nikaribie).

N.B. Chifu, mambo yamebadilika kidogo. Asubuhi hii, kabla sijafunga bahasha, Abdisamad alifika nyumbani akivuta kamba, na kwenye kamba kulikuwa na mbuzi watatu wa kweli. Ni wake mwenyewe; baba yake, Billow, yule mfanyabiashara wa mifugo, alimpa kwa kukaa dukani mwaka mzima. Alisema atanipa hao watatu nikimpa mbuzi wangu wote arobaini na wawili, dhahabu yote, ghala, cheo na neno la siri. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Kisha nikaanza kuwakagua. Niliwafungua midomo nikatazama meno, nikainua mikia, nikawapapasa mbavu mmoja mmoja. Mmoja nikamrudisha kwa sababu alikuwa anachechemea mguu wa nyuma. Nilimwambia Abdisamad huwezi kupeleka mbuzi wa namna hiyo kwenye ntheo, watu wa Mukuyuni si wajinga, wataniona vipi. Akaenda akaleta beberu mwekundu mwenye afya, ana harufu mpaka machozi yanatoka. Mama alisikia wakilia akatoka nje. Aliwatazama, kisha akamtazama sana yule mwekundu. Alichukua ndoo akaenda kuwachotea maji.

Kwa hivyo naomba tu kibali cha kawaida: weupe wawili, mwekundu mmoja, kutoka Zombe kwenda Mukuyuni, Jumamosi tarehe kumi na tatu, kwa pikapu. Na usihangaike kutafuta namba sita. Ukurasa huo ulikuwa juu ya kiti nikichunguza meno ya wenzake, na yule mwekundu ameula wote, ule wenye ushahidi kwamba mbuzi wa gemu na mbuzi wa boma hawana tofauti.