Mlango Mwembamba wa Nyongeza

Jumanne, 8 Julai

Baridi kali hapa Pito. Shemeji Kalista kaja kutoka Kate. Ni mdogo wake marehemu mke wangu, Rosina. Hata chai hakunywa. Alikwenda moja kwa moja bandani, akamkamata Nyongeza, akambonyeza kifua, akaniambia mfupa huu, shemeji, unaweza kukatia kitunguu.

Nikajitetea. Nikasema natoa chakula cha kuwatosha wote, pumba na chenga za mahindi, tena mahindi yangu mwenyewe. Akajibu kwamba kutoa natoa, lakini anayekula ni Matroni.

Kweli. Matroni ni kuku mwekundu wa miaka minne na hula kwanza. Anafuata Naibu, mweusi, roho hiyo hiyo. Kisha jogoo, ambaye husubiri zamu yake kama mpangaji. Kisha mitetea sita. Mwisho kabisa Nyongeza, wa miezi mitatu na ushee, ambaye hufika kwenye sahani ikiwa imeshang'aa.

Hukumu ya shemeji: Jumapili ya tarehe ishirini anarudi na matenga mawili. Akikuta kifua ni kile kile, anawabeba kuku wote wa dada yake kwenda Kate. Alisema mwanaume hamjui kuku mpaka awe mezani.

Nyongeza! Mwezi wa tatu Rosina aliweka mayai kumi na mawili chini ya kuku, halafu akaongeza moja. Nikamuuliza hilo la nini. Akasema muuzaji mzuri hutoa nyongeza. Akalazwa hospitali kabla hayajaanguliwa. Kila nikienda kumwona, anauliza mayai. Siku ya mwisho akauliza, na lile la nyongeza? Nikasema limeanguliwa. Nilijuaje? Vifaranga tisa, wote sura moja! Nikarudi nyumbani nikamteua aliyekuwa mdogo kuliko wote. Mwewe alichukua watano, baridi ikachukua watatu. Kabaki huyo niliyemteua.

Kuku hawaendi Kate.

Jumatano, 9 Julai

Mpango wa kwanza. Rahisi, wa akili. Sahani mbili! Moja mbele ya banda, moja nyuma. Matroni hawezi kuwa sehemu mbili.

Hawezi. Alikaa mbele, akamwachia Naibu nyuma. Sasa nina serikali mbili. Nyongeza alikuwa akikimbia kutoka moja kwenda nyingine akipigwa kote kote. Nadhani leo amepungua zaidi, kwa ule mwendo.

Jirani yangu Mathias alikuwa ameegemea ua. Alishauri Matroni achinjwe na yeye aalikwe. Nikamwambia Matroni ni kuku wa Rosina, alimlea jikoni ndani ya kikapu cha nyanya. Akasema basi, ilikuwa ni mawazo tu.

Mathias ana maneno mengi kwa mtu ambaye baiskeli yake iko kwangu inasubiri kutengenezwa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata! Jana jioni nilikuwa nakaza mnyororo wa baiskeli ya Mathias, macho yakaangukia tairi la nyuma. Spoki. Nyembamba, imara, zimenyooka.

Chombo ni hiki: kreti kubwa ya mbao imelazwa ubavu, chakula ndani, mbele spoki zimesimama kama nondo za dirisha. Mdogo anapenya. Mkubwa anabaki nje akimeza mate. Nimekiita Mlango Mwembamba, kama ule wa Injili. Miaka thelathini na moja natengeneza baiskeli za watu. Siwezi kushindwa na kuku.

Nimempima Nyongeza saa kumi na mbili asubuhi, kwa futi ya kushonea ya Rosina. Ile yenye fundo, alipoishia kupima sare za kwaya. Kuku mnene kuliko nilivyodhani! Mviringo kabisa. Pengine Kalista ana haraka ya kulaumu.

Spoki nimechukua kumi na nane tu. Tairi bado ni la duara, ukilitazama kwa mbali.

Jumamosi, 12 Julai

Uzinduzi.

Aliyeingia wa kwanza ni Matroni. Aliingia kama mwenye ufunguo. Akafuata Naibu, kisha mitetea. Walijaa ndani kama kwaya kwenye picha. Nyongeza alibaki nje pamoja na jogoo. Walikuwa wanatazamana.

Mathias alicheka mpaka akashika ua. Akasema fundi, umewajengea hoteli.

Saa sita, jua lilipotoka, nikampima Nyongeza tena. Nusu! Kumbe jana asubuhi alikuwa amejitunisha manyoya kwa baridi. Nilipima baridi, sikupima kuku. Na Matroni naye chini ya manyoya si lolote. Cheo tu.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya Misa Mathias alinishika mlangoni mwa kanisa, akauliza baiskeli yake. Nikamkumbusha kuwa leo ni Jumapili na kazi za mikono haziruhusiwi. Nikarudi nyumbani, nikabana spoki zote zikaribiane. Kipimo cha mchana, safari hii.

Zimebaki siku saba. Kifua bado kisu.

Jumatatu, 14 Julai

Ushindi! Matroni alijaribu mara tatu, akagonga kichwa mara tatu. Naibu vile vile. Hakuna mkubwa aliyepita.

Nyongeza naye hakupita. Asubuhi, baridi, kajitunisha. Kuku wote kumi walisimama mbele ya spoki wakiangalia pumba. Pumba ndizo zilizokuwa na amani.

Nikamtia ndani ya koti langu ili apate joto, manyoya yalale. Kama dakika ishirini hivi. Akalala yeye kwanza. Nilikaa bila kutikisika. Kisha nikamwelekeza kwenye spoki, akapenya kama barua kwenye sanduku. Akala! Peke yake! Nilipiga makofi.

Kutoka ndiko kulikuwa na kazi. Matroni alimsubiri mlangoni. Nyongeza alikaa ndani mpaka saa sita, akatoka, akapigwa kwa ajili ya chakula cha asubuhi nzima.

Jumatano, 16 Julai

Mlango Mwembamba unahitaji mlinzi. Hakuna kiwanda kisicho na mlinzi. Nimechukua kigoda cha Rosina na fimbo yake, nikakaa pembeni.

Hakuna kuku aliyesogea. Wote walijificha nyuma ya choo. Wananijua kama mtu anayekuja kuchagua wa kuchinja, halafu koti langu linanuka grisi. Nikafikiri. Nikaingia ndani, nikachukua kitenge cha bluu cha Rosina. Kilikuwa nyuma ya mlango tangu Aprili. Nikakifunga juu ya koti. Nikarusha chenga kwa mkono wa chini, kama yeye.

Wakaja. Wote.

Matroni alikuja mwisho. Alinitazama kuanzia miguuni akapanda taratibu mpaka usoni, na usoni akakawia. Halafu akanipita, akaenda kusimama mbele ya mlango wa jikoni. Akasubiri pale. Kisha akarudi, akala kimya, hakumdonoa mtu.

Mathias akapita njiani. Akainamisha kichwa kwa adabu akasema shikamoo bibi, fundi yupo? Nikaitikia marahaba, nikamwambia fundi kaenda mjini kutafuta spea.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya tatu ya ulinzi. Chombo kinafanya kazi kupita matarajio. Nyongeza sasa haingii hata ndani. Anakula hapa chini, karibu na kiatu changu cha kushoto. Ni wazi kwamba chombo kimempa ujasiri. Matroni akisogea, nanyoosha fimbo kidogo, anajifanya alikuwa anaelekea kwingine. Kisha anaruka juu ya kreti, anajinyoosha manyoya. Kwa hiyo hata yeye ana matumizi nacho.

Rosina alikuwa akikaa hapa hapa kila asubuhi, saa nzima, fimbo magotini. Hafanyi lolote. Chai inapoa. Mimi ndani napiga kelele kwamba kuku wana midomo yao, awaache wale. Yeye anajibu nakuja. Haji. Sikuwahi kujua alikuwa anafanya nini huku nje. Laiti ningemtengenezea Mlango Mwembamba mapema, angepumzika.

Mathias ameingia uani leo bila hodi. Kaona kreti. Kaona spoki moja ina rangi nyekundu, kaitambua, aliipaka mwenyewe. Akauliza kwa sauti ya juu kama yeye anakwenda Izia kwa miguu wiki ya pili ili kuku wangu wapate dirisha la nondo. Akaniita fundi wa kubomoa. Akasema mengine, sitayaandika, nimetoka kuungama juzi. Halafu akaona nimefunga kitenge cha nani. Akaokota chenga zilizomwagika, akamrushia Nyongeza. Akasema basi, wiki ijayo, Alois, lakini iwe kweli wiki ijayo.

Jumapili, 20 Julai

Alikuja mapema! Kabla ya Misa! Nilipanga nimpokee nimevaa suti, chombo kimefutwa vumbi. Badala yake nilisikia matenga yakiwekwa chini nyuma yangu. Mimi niko kwenye kigoda, kitenge kiunoni, fimbo magotini, Nyongeza kati ya viatu.

Shemeji Kalista hakwenda moja kwa moja bandani. Si kawaida yake. Nikaona nitumie nafasi. Nikamweleza spoki, kipimo cha asubuhi na kipimo cha mchana, jinsi manyoya yanavyodanganya. Nikamwonyesha kreti kila upande. Hakuitazama hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi, au kigoda, sijui.

Akainama, akambonyeza Nyongeza kifua. Mfupa upo, lakini sasa una nyama huku na huku. Akamshika kitambo kirefu kuliko inavyohitajika kupima. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Akasema ni moshi.

Sikuwa nimewasha moto. Labda ulitoka kwa Mathias.

Nikauliza, kwa hiyo wanakwenda Kate? Akasema shemeji, acha ujinga, kuku wana mtu wao. Halafu akasema kitenge nimekifunga kama gunia, dada yake hakufunga hivyo. Akanifunga upya. Akanifunga kwa nguvu, nikakohoa. Matenga kayaacha hapa. La pili halikuwa tupu: kaniletea vifaranga wawili kutoka Kate, wadogo, wanyonge, akasema huko kwake wanapigwa na wenzao na yeye hana muda wa kukaa nao.

Alipofika njiani akageuka akasema nisisahau kunywa chai ikiwa ya moto.

Jumanne, 22 Julai

Nimetafakari jambo zima kwa utulivu, na ukweli lazima uandikwe: Mlango Mwembamba umeshinda. Bila spoki zile, leo nyumba hii ingekuwa haina kuku.

Una kasoro moja tu. Unanilazimisha kukaa pale kila asubuhi, saa nzima, na chai inapoa. Mtu hawezi kuishi hivyo. Kwa hiyo naanza Mlango Mwembamba Namba Mbili, ambao hauhitaji mlinzi. Utakuwa na kengele ya baiskeli, breki na kamba. Matroni akigusa, kengele inalia, breki inabana, mimi niko ndani na kikombe. Nitakaa nje siku chache za mwanzo tu, kuusimamia. Pengine mpaka vuli. Vifaranga wa Kate nao wameshajua kiatu cha kushoto.

Leo Matroni alikwenda tena kwenye mlango wa jikoni. Nikamwambia najua. Tukakaa.

Spoki zitahitajika zaidi, kwa kuwa sasa walengwa ni watatu. Si tatizo. Tairi la mbele la Mathias bado lina zake zote.

Kesho naanza vipimo. Nitawapima saa kumi na mbili asubuhi, baridi ikiwa bado kali, maana saa hizo kuku anatulia na huonekana alivyo.